Amadora: zaidi ya maghorofa
Uliyeuliza kama Amadora, mji jirani wa Lisbon nchini Ureno, ina historia yoyote: ipo, tena nzito. Hadi 1907 iliitwa Porcalhota, jina linalonuka uchafu kwa Kireno, ndipo wakazi wakaomba libadilishwe. Reli ya 1887 kutoka Lisbon kwenda Sintra ndiyo iliyoikuza. Manispaa ilizaliwa 1979 ilipomegwa kutoka Oeiras. Leo watu zaidi ya 170,000 wamebanana kwenye kilomita za mraba 24 hivi.

Shuka Damaia, mtaa wa Amadora, uone matao ya Águas Livres, mfereji wa maji uliostahimili tetemeko la ardhi la Lisbon la 1755. Kwa katikati ya mji, panda treni kwenye stesheni ya Rossio, Lisbon, ushuke stesheni ya Amadora. Stesheni ya metro ya Amadora Este huwapoteza wengi: jina ni hilohilo, lakini iko pembeni.