Bastola ndogo ya bei nafuu

SWALI: Nanunua mahindi soko la Kibaigwa, natembea na fedha taslimu. Maombi ya leseni yako polisi. Nichague bastola gani ndogo, isiyo ghali, ikae chini ya shati?
Mfanyabiashara, Kongwa

JIBU: Usikimbilie iliyo ndogo kuliko zote. Ruger LCP ina gramu 270 hivi, inazama mfukoni, lakini kwa wepesi huo inapiga teke ikifyatuliwa, na kidole cha mwisho hakina pa kushika. Wengi huiogopa, mazoezi yakaishia hapo. Taurus G2C ya milimita 9 ina gramu 620 hivi, magazini (kasha la risasi) ya risasi 12, na inashikika vizuri. Sisi tungechukua hiyo.

Ikiwa ni ya mtumba, toa magazini, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ni tupu, kisha ifunguliwe umulike mtutu: ukiona vishimo vya kutu, achana nayo. Springi ya magazini ikichoka, risasi za mwisho hazipandi, silaha inakwama.

Usifanye ubahili unaponunua ala, yaani mfuko wa kubebea bastola. Iwe ngumu, ifunike triga yote. Ala laini ikijikunja huingia kwenye triga, ukajipiga paja. Na kwa vumbi letu la kiangazi, mafuta yawe matone machache tu. Yakizidi, yanageuka tope.