Mkate Ulioitwa Kifimbo

Neno “baguette”, jina la ule mkate mrefu wa Kifaransa, maana yake nini hasa? (Msomaji, Tanga)

Kifimbo. Wafaransa hulitumia kwa kitu chochote chembamba kilichonyooka: kijiti cha kiongozi wa okestra, vijiti vya kupigia ngoma, hata vile Wachina wanavyolia chakula. Mkate umelipata kwa umbo lake, sentimita 60 hivi kwa urefu na gramu kama 250.

Wafaransa walilitoa wapi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa Waitaliano. Wao wana *bacchio*, fimbo ndefu ya kuangulia matunda mtini. Wakaifanyia udogo ikawa *bacchetta*, vile vile sisi tunavyotoa kifimbo kwenye fimbo. Nyuma yake kuna *baculum* la Kilatini, yaani mkongojo. Na hapa ndipo ninapopapenda: Wagiriki nao waliita kijiti *bakterion*, neno lenye udugu na hilo la Kilatini, na wanasayansi wakalichukua kuwapa jina bakteria, kwa sababu wale wa kwanza kuitwa hivyo walifanana na vijiti. Mkate wa Paris na viumbe wa kwenye hadubini wana ukoo mmoja wa jina!

Kweli Napoleon aliuagiza ili askari wautie kwenye suruali? (Msomaji, Dodoma)

Siamini. Napoleon alifariki 1821, na jina hili kwa mkate lilienea miaka ya 1920, karne nzima baadaye. Kueleza chanzo chake, wengi hutaja sheria ya Machi 1919 iliyowakataza waokaji kufanya kazi kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri. Mkate mwembamba huiva upesi, ukawahi kifungua kinywa. Hilo lina mantiki, ingawa mikate mirefu ilikuwapo Paris hata kabla ya hapo.

Na ile wanayoiita “tradition”? (Msomaji, Bujumbura)

Ni baguette ya jadi, na agizo la serikali la 1993 linaibana: unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu. Viongezi hapana, na donge lisigandishwe. Iminye karibu na sikio, ganda lake litalia kama majani makavu. Ufundi wa kuoka baguette uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022, na ulistahili.

Ncha yake ina jina? (Msomaji, Bukavu)

*Quignon*, kutoka neno la Kilatini la kabari. Wengi huimega njiani, mkate ukafika nyumbani bila ncha.