Ukitaka kuchora utambulisho wako, anza na kitambulisho

Kila mwaka, hasa vyuo vinapofunga, hunijia vijana studioni kwangu huku Buruburu, Nairobi. Mmoja ana daftari lililojaa michoro, mwingine ana simu iliyojaa picha, na wote hufikia sentensi ileile: "Dada, nataka kazi yangu izungumzie rangi, jinsia, mimi ni nani." Hunifurahisha sana kusikia hivyo, maana nilipoanza miaka kumi na minne iliyopita hata maneno hayo sikuwa nayo. Halafu nawaomba watoe vitambulisho vyao waviweke mezani.

Wengine hudhani nataka kuwakagua. Lakini hebu kitazame kile kipande cha plastiki kama mchoro. Uso umetazama mbele, hakuna tabasamu. Jina. Jinsia. Wilaya uliyozaliwa. Kigeuze, utakuta tarafa na kata. Ni picha yako iliyochorwa na mtu mwingine, aliyeamua mapema ni mambo gani machache yanatosha kukutambua. Zoezi langu la kwanza ni hili: kichore upya kwa ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, kwa penseli tu, ukibadilisha mistari mitatu. Yupo kijana aliyefuta wilaya akaandika jina la jirani aliyemlea. Msichana mmoja aliacha mahali pa jinsia wazi, akapachora mlango mdogo. Kazi ya mlango ule bado naikumbuka kuliko turubai nyingi nilizoziona zikiuzwa.

Kadi hiyo ina ukoo mrefu, na ni vizuri uujue kabla ya kuuchora. Sheria ya kipande, kitambulisho cha zama za mkoloni, ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za waajiri wake, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mzungu hakuvaa kikopo hicho. Mwanamke Mwafrika pia hakuandikishwa, na wanawake waliingizwa katika usajili huo mwaka 1978 tu, miaka kumi na mitano baada ya Uhuru. Basi rangi na jinsia zilikuwemo ndani ya karatasi ileile tangu mwanzo: mmoja alitambuliwa ili adhibitiwe, mwingine hakutambuliwa kabisa. Na mistari ya fomu huhama. Mwaka 2017 Wakenya wenye asili ya Asia walitangazwa kuwa kabila la 44. Sensa ya 2019 ndiyo iliyowahesabu watu wenye jinsia mbili kwa mara ya kwanza, wakaandikwa 1,524. Ukijua hivyo hutaichukulia fomu kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni, na mkono wako utapata uhuru.

Sasa tuje kwenye ngozi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Nyumbani kwetu mimi ndiye niliyeitwa rangi ya thao, yaani mweupe wa ngozi. Wageni walikuja, wakanisifu mimi, wakampita dada yangu mkubwa kana kwamba ni kiti. Tulikua hivyo. Nilipoanza kuchora niliapa nitamchora yeye, kubwa, katikati ya turubai, nimrudishie alichonyimwa. Nilimchora wiki tatu. Alipokuja kuona alisimama muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Huyu ni nani?" Nilimsogelea, nikamtazama yeye, nikaitazama picha. Nilikuwa nimempunguza weusi. Sikukusudia. Kila nilipochanganya rangi mkono ulikuwa ukiongeza nyeupe kidogo, ukimtafutia uzuri mahali nilipofundishwa kuwa uzuri ulipo. Nililia siku ile, na turubai ile niliipaka rangi juu yake.

Mara ya pili nilimketisha karibu na dirisha saa kumi jioni. Nilikata vipande kumi na kimoja vya katoni, kila kimoja nikakipaka rangi niliyodhani ni ya ngozi yake, kisha nikavisogeza kimoja kimoja shavuni pake. Hakuna hata kimoja kilichofaa peke yake. Paji la uso lilikuwa na bluu, kwa sababu ngozi nyeusi hung'aa na hurudisha rangi ya anga. Shingoni kulikuwa na wekundu uliotoka kwenye leso aliyojifunga. Chini ya kidevu palikuwa na zambarau, na kwenye vifundo vya vidole weusi ulikoza hadi ukakaribia kijani. Siku hiyo nilijifunza yale ninayowafundisha sasa: weka kando tyubu nyeusi unapochora ngozi nyeusi, kwa sababu nyeusi ya tyubu huuzima uso. Changanya siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, na bluu ya ultramarini, utapata giza lenye uhai, kisha ulisukume kwenye wekundu au kwenye bluu kufuatana na mwanga. Kivuli kitafute kwa kutazama. Ile tyubu ya pinki inayouzwa kwa jina la rangi ya ngozi, iache dukani.

Wanaopiga picha nao wana mtego wao. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kila kitu mbele yake kina wastani wa kijivu, kwa hiyo ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera itauhofia ukuta na kuuzamisha uso gizani. Mtafutie pazia la kahawia, pima mwanga usoni pake, mengine yatafuata. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Kuna familia nyingi humu jijini zenye albamu ambazo ndani yake babu haonekani ila macho na meno, watu wakacheka miaka yote wakidhani kosa ni la babu.

Kuhusu soko nitasema kwa ufupi, ingawa linauma. Mwenye duka moja la sanaa aliwahi kuniambia picha ya dada yangu ni nzuri, lakini niongeze shanga shingoni ili mnunuzi ajue ni Afrika. Dada yangu ni karani, hajawahi kuvaa shanga hizo. Nilikataa, na nililala njaa siku kadhaa, sitakuficha. Utaombwa hivyo nawe. Kuna mtu mahali fulani amekwisha kuamua Mkenya anafanana vipi, na anahitaji tu mkono wa kumchorea. Hata nchi nzima ilitendewa hivyo: mwaka 2013 banda la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice lilijaa kazi za wasanii kutoka China na Italia, Wakenya wakiwa wachache mno, na 2015 ilipoelekea kuwa vilevile wasanii wa hapa walipaza sauti mpaka serikali ikajitenga na banda lile. Chora shanga kama kwenu zina maana. Kama hazina, acha shingo iwe shingo.

Kabla hujanunua turubai ya bei, zunguka jijini uone wenzako walivyolitatua jambo hili. Ingia jengo la Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, na Nairobi Gallery iliyoko pembeni mwa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, uone vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Tafuta kazi za Rosemary Karuga, aliyesoma sanaa Makerere, akafundisha shule kwa miaka mingi, kisha akaunda wanawake, kuku na vibanda kwa vipande vya pakiti za unga na karatasi za sabuni. Kaa mbele ya kolaji yake na ufikirie mikono inayofungua pakiti hizo kila asubuhi ni ya nani. Mpiga picha Thandiwe Muriu huwavalisha wanawake kitenge kilekile kilichotandazwa nyuma yao, hata mwili ukamezwa na kitambaa na uso ukabaki mbele. Wangechi Mutu, mzaliwa wa hapa Nairobi, aliweka wanawake wanne wa shaba mwaka 2019 kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York, katika vishubaka vilivyokaa vitupu tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Katika kazi zote hizi swali la mimi ni nani limejibiwa kwa kitu cha kushikika: karatasi, kitambaa, shaba. Jiulize nyumbani kwenu kuna nini ambacho kimeshikwa na mikono mingi.

Kwangu mimi ni leso. Nimekulia kwenye leso, ina pindo pembeni, ina mji katikati, ina jina lililoandikwa, na mwanamke asiyeweza kumjibu mumewe mezani amekuwa akimjibu kwa maandishi yaliyoko kiunoni pake. Marehemu Kawira Mwirichia aliichukua leso hiyohiyo mwaka 2017, akatengeneza mfululizo mzima wa kusherehekea mapenzi ya watu wa jinsia moja. Nilipoziona nilisimama kimya. Alikuwa amechukua kitambaa cha harusi na cha matanga, kitambaa ambacho hakuna mama wa Kenya asiyekijua, akawafunika nacho watu waliofukuzwa nyumbani.

Jambo hilo linanipeleka kwenye lile ninalolisisitiza kuliko yote, na nakuomba usilisome haraka. Mtu anayekukalia umchore amekupa uso wake, na uso hauwezi kurudishwa ukishaonekana. Nilipokuwa mwanagenzi nilimchora rafiki aliyenieleza mambo yake kuhusu jinsia yake, kwa imani. Nilimwuliza kama naweza kumchora, akakubali. Sikumwuliza kama naweza kumtundika. Picha ilikaa kwenye maonyesho siku nne, jirani yake akaiona, na kufikia mwisho wa mwezi alikuwa ametakiwa kuhama. Aliniambia amenisamehe. Mimi bado naibeba. Hapa Kenya Mahakama Kuu ilikataa mwaka 2019 kufuta vifungu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, kwa hiyo usijidanganye kwamba sanaa ni kichaka cha kujificha. Siku hizi naomba ruhusa mara tatu: kabla ya kuchora, picha ikikamilika, na kabla ya kuitoa nje ya studio. Mwenye uso akibadili nia, picha inageuzwa kuelekea ukutani. Hata kama nimeshalipwa malipo ya awali.

Ukimaliza kazi utatakiwa kuandika maelezo ya msanii. Nimesoma mamia, na mengi hayana mtu ndani yake. Andika kwanza kwa lugha unayoitumia kugombana nyumbani, iwe Kiswahili, Kikamba au Sheng, kama unamweleza shangazi kwa nini ulitumia gunia badala ya turubai. Ukishamaliza ndipo utafsiri kwa ajili ya wenye fomu. Sentensi ambayo shangazi hawezi kuielewa huwa mara nyingi nawe hukuielewa.

Na mchore aliye karibu. Mimi nilichelewa sana kumchora mama. Alifulia watu nguo kwa miaka zaidi ya ishirini, na alipokwenda kubadilisha kitambulisho, kidole gumba chake hakikutoa alama. Mistari ilikuwa imelika. Karani alikipangusa, akakipaka mafuta, akakibonyeza tena na tena, wino ukatoa doa laini tu. Mama alirudi nyumbani akatusimulia huku akikitazama kidole chake kama cha mtu mgeni.

Nilichora mikono yake miwili tu, sentimita 60 kwa 80, imelala juu ya leso. Gumba nililiacha bila mistari, tambarare, likipokea mwanga wa dirishani. Nilifanya kazi hiyo miezi miwili, na sehemu ngumu zaidi ilikuwa kucha. Alipokuja kuiona aliuliza mbona sikumchora uso, kisha hakungoja jibu. Akainama, akasogeza mkono wake wa kulia karibu kabisa na ule wa rangi, akaulinganisha.

"Hiki kidonda umekiweka upande si wake," akasema. "Kilikuwa huku, nilikatwa na waya wa kuanikia."

Nikachukua brashi nikakihamisha, naye akasimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza.