Dereila ya nyuma: hesabu meno kwanza, nunua baadaye

Watu wengi wakitaka kubadilisha dereila ya nyuma ya baiskeli, yaani kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, huuliza kwanza, "Hii ni ya gia ngapi?" Lakini dereila haihesabu gia. Anayehesabu ni shifta, kile kibadilisha gia cha mkononi: kila ukiibofya inavuta au kuachia waya kwa kipimo chake, na dereila inafuata. Dereila yenyewe ina mambo matatu tu ya kujibu. Inaweza kupita chini ya sproketi (gurudumu la meno) ya nyuma yenye meno mangapi bila kugusana nayo? Inakusanya mnyororo uliolegea kiasi gani? Na inasogea umbali gani kwa kila milimita ya waya inayovutwa? Ikifeli moja, mbili zilizobaki hazikusaidii kitu.

Kabla ya hapo, amua kama kweli unahitaji gia nyepesi zaidi. Ukiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 2.55 hivi, tukichukua tairi lenye mzingo wa mita 2.1. Weka 34 nyuma, unasogea mita 2.1. Kwenye mlima mrefu magoti yanaijua tofauti hiyo. Hasara yake inaonekana kwenye tambarare. Kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya kampuni ya Shimano ya gia 11 yenye meno 11-28 inapanda 11, 12, 13, 14, 15, 17 na kuendelea, wakati ile ya 11-34 inaruka 11, 13, 15, 17, 19. Anayekimbia ndani ya kundi kwa kasi moja ataitafuta 12 na 14 asizipate, na miguu itakuwa ama inazunguka mno ama inasukuma mno. Ile ya 11-32 inabaki na 12, 13 na 14, na kwa wengi inatosha. Ukishachagua kaseti, ndipo dereila inapoingia.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa na kujumlisha. Chukua sproketi kubwa ya mbele utoe ndogo ya mbele. Chukua kubwa ya nyuma utoe ndogo ya nyuma. Kisha jumlisha majibu mawili. Krenki (sproketi za mbele na mikono ya pedeli) ya 50/34 na kaseti ya 11-28 inatoa 16 na 17, jumla 33. Krenki hiyohiyo na kaseti ya 11-34 inatoa 16 na 23, jumla 39. Krenki ya 52/36 na 11-30 inafika 35. Ile ya zamani ya 53/39 na 11-25 ni 28 tu, ndiyo maana baiskeli za mashindano ziliishi miaka mingi na dereila fupi bila shida. Krenki ya sproketi tatu, 50/39/30, ikiwa na 11-28 inapanda hadi 37 ingawa kaseti ni ya kawaida. Mbele kukiwa na sproketi moja, upande huo ni sifuri: 11-42 inakuwa 31.

Jibu hilo lilinganishe na uwezo wa jumla, yaani tofauti ya meno ambayo dereila inaweza kukusanyia mnyororo, ulioandikwa kwenye karatasi ya dereila. Shimano 105 R7000, kwa mfano, ina matoleo mawili. SS, yenye mkono mfupi (mkono ni ile sehemu inayoshika vigurudumu viwili vya kupitisha mnyororo), ina uwezo wa 35 na inafika sproketi ya 30. GS, yenye mkono mrefu zaidi, ina uwezo wa 39 na inafika 34. Kizazi kilichoitangulia, 5800, kilikuwa 33 na 28 kwa SS, 37 na 32 kwa GS. Jina ni lilelile 105, mipaka ni tofauti, kwa hiyo soma namba yote ya modeli.

Uwezo wa jumla na sproketi kubwa ya mwisho ni vitu viwili, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Uwezo wa jumla unategemea urefu wa mkono, yaani umbali kati ya vile vigurudumu viwili. Sproketi kubwa inategemea mwili wa dereila umening'inia chini kiasi gani. Kile kipande cha kurefusha sikio la fremu (mahali dereila inapofungwa) kinachouzwa sana kinashusha dereila, hivyo kinatatua tatizo la pili tu. Hakiongezi hata jino moja kwenye uwezo wa jumla. Ukiwa na krenki ya 50/34, ukiweka kipande hicho na kaseti ya 11-34 kwenye dereila ya mkono mfupi iliyoandikwa 33, umebaki na upungufu wa 6.

Na upungufu unaonekana wapi? Ni urefu wa mnyororo ndio unaoamua. Mnyororo ukiwa mrefu wa kutosha, ukiweka ndogo mbele na ndogo nyuma unalegea na kuning'inia. Kelele ipo, lakini gia hiyo hutakiwi kuitumia hata hivyo. Mnyororo ukiwa mfupi, siku utakapobofya kwa bahati mbaya ukaweka kubwa mbele na kubwa nyuma, mkono unanyooka mpaka mwisho, sikio linavunjika, na dereila inaingia kwenye spoki. Basi kama ni lazima upungukiwe, pungukiwa upande wa kulegea. Zungusha mnyororo kwenye kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye dereila, tafuta mahali pa karibu zaidi unapokutana, kisha ongeza pingili mbili, moja nyembamba na moja pana. Mnyororo wa kaseti ya zamani usiuhamishie kwenye kaseti kubwa bila kuupima hivi.

Namba za kiwanda zina nafasi kidogo ndani yake. SS iliyoandikwa 28 mara nyingi inabeba 30, lakini inategemea urefu wa sikio la fremu yako, na masikio hayafanani. Nafasi ya meno mawili inajaribika. Ya meno sita si nafasi tena.

Mvuto wa waya, yaani lile swali la dereila kusogea kiasi gani kwa kila milimita ya waya, ndio unaowaumiza wanaonunua vipuri vya mitumba. Dereila za Shimano za barabara za gia 8, 9 na 10 kwa kawaida zina mvuto mmoja, na za baiskeli za milimani hadi gia 9 zinafuata huohuo. Hivyo dereila ya milimani ya gia 9, yenye mkono mrefu, inafanya kazi na shifta za barabara za gia 10. Ni njia ya bei nafuu ya kufikia kaseti kubwa. Ya milimani ya gia 10 haifanyi hivyo. Shimano Tiagra 4700 nayo ni mtego: ni ya gia 10 lakini mvuto wake unafuata familia ya gia 11. Anayehitaji kaseti kubwa zaidi ana dereila ya Shimano GRX RX400, inayoelewana nayo na kufika 36. Kampuni za SRAM na Campagnolo zina mvuto wao, usizichanganye na Shimano. Dalili ya mvuto usiolingana haifichiki: unarekebisha gia mbili za kwanza zinakaa sawa, ya tatu inasuasua, ya tano inapanda mbili kwa mbofyo mmoja. Hakuna kiasi cha kuzungusha skrubu kitakachoiponya.

Swali la mkono mfupi au mrefu lina ubishi mwingi kuliko unaostahili. Tofauti ya uzito ni gramu chache na tofauti ya kubadilisha gia ni ndogo. Chukua GS, isipokuwa una uhakika hutapita 30 kamwe. Kuna sharti moja linalosahaulika: GS ya R7000 inataka sproketi kubwa ya nyuma isiwe chini ya 28. Ukiiwekea kaseti ya 11-25, kigurudumu cha juu kinakaa mbali na meno na gia zinabadilika kwa uvivu. Kwenye barabara mbovu, dereila yenye klachi, inayofanya mkono usirukeruke ovyo, inauzuia mnyororo kupiga fremu, na kwa sproketi moja mbele ni karibu lazima.

Kabla ya kufunga, hakikisha sikio limenyooka. Umbali kati ya kipimo cha sikio na rimu ya gurudumu ukitofautiana kwa zaidi ya milimita 4 kati ya juu, chini na pembeni, linyooshe sikio kwanza, la sivyo utailaumu dereila isiyo na kosa. Bolti ya kufungia dereila inakazwa Nm 8 hadi 10, ya kubana waya Nm 6 hadi 7. Skrubu za mwisho, H na L, zinazozuia dereila isipitilize pembeni, zipangwe waya ukiwa bado haujabanwa. L ndiyo inayolinda spoki. Kisha weka ndogo mbele na kubwa nyuma, zungusha krenki kinyumenyume, na kaza skrubu B, inayosogeza dereila mbali na sproketi, mpaka kigurudumu cha juu kiache kugusa meno. Ukiizidisha, gia zinachelewa kubadilika.

Ukinunua iliyotumika, shika mkono uutikise pembeni: mchezo mwingi kwenye viungo maana yake imechoka. Angalia nyuzi za bolti. Kigurudumu cha juu cha Shimano kikisogea kidogo kushoto na kulia, usikikatae. Kimetengenezwa hivyo kijitafutie nafasi chini ya sproketi. Cha chini hakipaswi kusogea vile, na vikibadilishana nafasi gia hazitatulia.