Re: Mama wa bibi alikuwa Msami, naweza kupiga kura Norwe?

Habari ndugu. Umeuliza kama unaweza kuingia daftari la wapiga kura la Sametinget, bunge la Wasami (wenyeji wa asili wa kaskazini) huko Norwe, wakati kwenu aliyezungumza Kisami nyumbani ni mama wa bibi yako tu. Unaweza. Sheria ya Wasami ya 1987, kifungu cha 2-6, inataka mambo mawili: utamke kwamba unajiona Msami, na Kisami kiwe lugha ya nyumbani kwako, kwa mzazi, babu au bibi, au wazazi wao. Mtoto wa aliyeandikishwa naye anaingia.

Kwanza angalia sensa za 1900 na 1910 kwenye Digitalarkivet, tovuti ya nyaraka za taifa la Norwe, ni bure. Usitafute "Msami", makarani waliandika "lapp", jina ambalo wenyewe wanalikataa. Na jina la ukoo la Kinorwe lisikukatishe tamaa, wengi walibadilishiwa. Hukijui Kisami? Shule za serikali ndizo zilizokipiga marufuku, hiyo si aibu yako.

Fomu ifike kufikia 30 Juni ya mwaka wa uchaguzi, la sivyo unasubiri miaka 4. Daftari halikupi haki ya kufuga kulungu wa kaskazini. Hiyo ina sheria yake. Uswidi wanaishia kwa babu na bibi, kwa hiyo huko huyo mzee mmoja hatoshi.