Machi Malindi: Tazama Mwezi Kabla ya Kufunga Safari

Mara ya kwanza nilipowapeleka wapwa zangu kwenye hori ya Mida, kusini mwa Malindi, kutazama ndege, niliichagua Jumapili kwa sababu tu ilikuwa Jumapili. Tulifika saa nne asubuhi, siku ya bamvua, yaani siku ambayo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tukakuta maji yamekupwa na kuacha tope tupu kuanzia mikokoni hadi mbali kabisa. Ndege walikuwepo, lakini mdogo wao aliniuliza kama vile ni ndege au mawe, nami sikuwa na jibu la hakika.

Msimu wenyewe sikuukosea. Mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajaanza, upepo hulegea, bahari hutulia na Mto Sabaki huwa umepungua. Hilo la Sabaki ni kubwa kuliko wageni wengi wanavyodhani, kwa kuwa kaskazi ndiyo inayoyasukuma maji yake ya tope upande wa kusini, kuelekea matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Wakati wa vuli, mto ukijaa, unaweza kulipa kiingilio na nauli ya mashua ukaishia kutazama ukungu. Mwezi wa Machi unawaona samaki waziwazi.

Nilichokosea ni saa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya kwetu hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na saa hiyo iliyoniharibia Mida ndiyo hasa ya kwenda hifadhini, kwani matumbawe huwa karibu na uso wa maji na jua limekwisha kupanda. Mwombe nahodha akupeleke kabla maji hayajaanza kujaa, na ukiingia majini usiyakanyage matumbawe, hata ukichoka.

Baada ya chakula cha mchana, siku hiyo hiyo, shika barabara ya Mombasa hadi Mida ufike kama saa nane. Maji yanapojaa huwafukuza ndege kutoka kwenye tope la mbali na kuwasogeza polepole hadi ulipo, nawe huna kazi ila kukaa kimya kando ya mikoko. Machi vitwitwi huwa wanajiandaa kurudi kaskazini, wengine hadi Siberia wanakozalia, na wapo walioanza kubadili manyoya ya kijivu kuwa na kifua chekundu kama kutu. Watafute pia wale wakubwa weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao kazi yao ni kuvunja kaa. Hao huzalia pwani za Uarabuni, katika mashimo wanayoyachimba mchangani. Chukua kofia na maji ya kunywa, kwa maana joto la Machi halina mzaha.

Msitu wa Arabuko-Sokoke haufuati bamvua, kwa hiyo uwekee siku yake. Uingie kwa lango la Gede saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pamoja na mwongozaji wa hapo, kwa sababu bundi mdogo wa Sokoke hulala mchana katika kichaka ambacho peke yako ungepita bila kumwona. Kabla ya mvua, majani yaliyoanguka huwa makavu, na ukisikia yakichakarika kando ya njia, simama hapo hapo: huenda ni sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na huyu wa hapa ana kiuno cha rangi ya dhahabu, naye ukipiga hatua moja zaidi hutamwona tena.