Kijana analala nje: mchango wako uende wapi?

Kila Ramadhani na kila Desemba napata ujumbe wa WhatsApp ule ule: "Dada, tumechanga kidogo ofisini, tunataka kwenda kuwalisha watoto wa mitaani, utupeleke." Nawapeleka, sina kinyongo. Pilau linaliwa, picha zinapigwa, ikifika saa tatu usiku kila mtu anarudi kwake, isipokuwa wale waliolishwa. Nimejitolea miaka sita kwenye shirika dogo hapa Mwanza linaloshughulika na watoto na vijana wanaoishi mtaani, na kwa kuwa maswali ninayoulizwa hayabadiliki, leo nayajibu kwa mpigo.

Tuanzie stendi. Mtoto anayetoroka kwao Bariadi au Kahama hashuki kwenye basi akiwa "mtoto wa mtaani". Anashuka Nyamhongolo au Nyegezi akiwa mtoto wa mtu: ana begi la shule, nywele zimenyolewa, anaulizia choo. Ukimkuta wiki tatu baadaye ameshajua pa kulala, ameshajua nani anamlinda, na ameshaanza kuulipia ulinzi huo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya shirika lenye akili ni kumwahi. Na waliokuwa wakiwawahi kwetu hawakuwa sisi wenye vitambulisho shingoni. Walikuwa mama lishe, wapiga debe na kijana anayekusanya hela ya choo. Tulikaa nao mchana mmoja tu, tukakubaliana dalili za kuangalia: mtoto anayesema anakwenda kwa mjomba lakini hajui mjomba anakaa mtaa gani, au aliyekaa benchi moja tangu asubuhi na hakuna aliyempigia simu. Mama lishe anampa chai, anamkalisha karibu na jiko, anatupigia. Sisi tusipopokea, kuna 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haikatwi hela. Hifadhi kwenye simu yako sasa hivi, nakusubiri.

Sasa nikiri kosa langu, maana bila hilo ushauri wangu wote ni wa kusoma.

Kuna dogo mmoja wa miaka 13 kutoka upande wa Bariadi tulimpata siku aliyofika. Mpole, anajibu kila swali, jina la kijiji analo, la mwenyekiti analo. Nikaona hii kazi imekwisha. Mwenzangu mzee kwenye shirika akasema tungoje, nikamwona ana uzembe. Siku ya nne nikapanda naye basi. Baba alitupokea vizuri, mama wa kambo akachinja kuku, tukala, nikapiga picha wote wakicheka. Nikarudi Mwanza kifua mbele. Wiki ya tatu nikamkuta kando ya Mto Mirongo, amelala juu ya boksi, chupa ya gundi mkononi. Nikamuuliza, mbona umerudi na nyumbani walikuchinjia kuku? Akaniangalia, akasema, "Dada, kuku alikuwa wa kwako wewe."

Sikuwa nimeuliza kwa nini aliondoka. Nilimuuliza anatoka wapi, basi. Mwenzangu alipokwenda na afisa ustawi wa jamii wa kule, wakakaa kutwa nzima bila haraka, ndipo ikajulikana: baba alikuwa na deni, na mtoto alikuwa akichunga ng'ombe wa yule anayemdai baba ili deni lipungue. Shule alishaiacha tangu mwaka uliotangulia. Lakini kulikuwa na bibi, mama yake mama, kijiji cha pili, aliyekuwa akimtaka siku zote na hakuna aliyemuuliza. Dogo akaenda kwa bibi.

Hapo ndipo hela nyingi ya kazi hii inapokwenda, na ndiyo hela ngumu kuliko zote kuichangisha. Ziara baada ya wiki mbili, nyingine baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi mitatu. Vocha ya kumpigia mwalimu. Sare na madaftari, maana elimu bila ada haimaanishi elimu bila gharama. Kwa aliyeachwa nyuma sana kimasomo, kumtafutia nafasi ya MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa shule kwa wakati, ili asikae darasani na wadogo wanaomfikia kiunoni. Nauli, nauli, nauli. Hakuna mfadhili anayetaka picha ya tiketi ya basi.

Na haya yote hayafanywi kienyeji. Sheria ya Mtoto ya 2009 imeiweka halmashauri kuwa na wajibu kwa mtoto, kwa hiyo shirika linalookota mtoto na kumlaza bwenini bila afisa ustawi kujua, hata kama linampa maziwa asubuhi na jioni, likimbie. Pale ambapo nyumbani hapafai na hakuna bibi wala shangazi, ustawi wana utaratibu wa familia za kuaminika zinazompokea mtoto kwa muda. Mimi mabweni siyachukii, yameokoa watu. Ila nikikuta kituo kinachojisifu kuwa kina watoto 40 wale wale miaka kumi, najiuliza nani alikwenda kwao kuangalia.

Wasichana utawaona wachache usiku, na wageni wetu wa pilau hudhani basi hawapo. Wapo. Wengi waliletwa mjini kufanya kazi za ndani, wakafukuzwa usiku na bosi, na kabla hakujapambazuka tayari kuna mtu amewapa "hifadhi". Kuwapata kunataka dada anayejulikana mtaani, siyo gari lenye nembo.

Kisha kuna wakubwa, na hawa ndio wanaoniumiza kichwa. Akitimiza miaka 18 si mtoto tena kwa mujibu wa sheria, mfadhili wa watoto anamfuta kwenye orodha, na polisi ndiyo kwanza wanamwona. Kanuni ya Adhabu bado ina makosa ya uzembe na uzururaji, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapo hapo Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika. Kijana wa kwenye boksi hayajui maoni hayo, na askari wa doria saa nane usiku naye hana haja nayo.

Nilidhani huyu tatizo lake ni kazi. Tukampeleka mmoja gereji, fundi akampenda. Mwisho wa wiki fundi anataka kumtumia hela kwenye simu. Laini hana, kwa sababu laini inasajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. NIDA hana, kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa wala barua ya mtendaji, na mtendaji atamwandikiaje barua mtu asiye na mtaa? Ilituchukua miezi kuufungua mnyororo ule, pete moja baada ya nyingine, na safari mbili za kwao kutafuta mtu wa kumthibitisha. Ukiwa na ndugu anayefanya kazi ofisi ya kata, mchango wake unaweza kuwa mkubwa kuliko wako.

Chumba nacho. Wenye nyumba wanataka kodi ya miezi mitatu, wengine sita, na mdhamini. Shirika likawa mdhamini, likalipa mitatu ya kwanza yote, mitatu iliyofuata nusu, kisha akajilipia. Tulimnunulia godoro, ndoo, sufuria na jiko la mkaa. Nilipomtembelea siku ya tatu, godoro lilikuwa limesimama ukutani na nailoni yake. Alikuwa akilala sakafuni, karibu na mlango, viatu chini ya kichwa. Mtaani viatu ukivivua vimekwenda. Sikumwambia kitu, nikanywa chai yake nikaondoka. Mwezi wa pili nikavikuta viatu nje kwenye kizingiti, pamoja na ndala za jirani. Baadaye VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, walimpima ujuzi alioupata gereji na kumpa cheti, bila kuanza kozi upya.

Kwa hiyo ukitaka kuchangia, usiniulize shirika gani ni zuri. Nenda mwenyewe, omba kiti, uliza: mwaka jana mliwarudisha wangapi, na wangapi kati yao bado wako nyumbani leo? Wakikupa namba ya kwanza upesi na ya pili wakaanza kukueleza changamoto, kunywa soda yao uage. Uliza pia bajeti ya nauli. Uliza kama wana mtu wa kuzungumza na wazazi, siyo watoto tu. Hela yako ikiwa ndogo lakini ya kila mwezi, wao wataipenda kuliko kishindo cha Desemba.

Kundi moja la ofisini mwaka jana lilikubali kupunguza sufuria mbili za pilau. Ikatosha nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Bariadi. Dogo walimkuta shambani na bibi yake, wakakaribishwa ndani, wakapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na maji ya mtungi. Kuku hakuchinjwa.